Mjane wa Siku Nne

Nyinyi wajukuu, someni hii mkiwa mmeketi, na simu muweke kando. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu Dholuo mnaivunja kama kuni, na mama wa wengine wenu ni Mkuria, simlaumu. Herufi nilifunzwa kwenye ngumbaru nikiwa na mvi tayari. Mkikuta kosa, lipiteni. Na mimi nimepita mengi yenu.

Siku tulipomzika babu yenu nilisikia mmoja wenu akinisema mimi bibi yake kwa mwenzake nyuma ya jiko, "Dani ni jiwe. Ameketi pale kama mtu anayengoja basi." Mwingine akasema, "Na hawa watu tusiowajua wanakula tu. Nani aliwaita?" Nilisikia. Sikujibu, kwa sababu siku ya kuzika mtu si siku ya kugombana. Najibu sasa.

Machozi yangu niliyamaliza nikiwa msichana. Niliyauza, na mama yangu ndiye aliyekuwa akiyatafutia soko.

Kwetu ni Sori, pale Karungu, ziwani. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mama akakataa kurithiwa na ndugu ya baba. Alisema yule mtu ananuka pombe hata akiwa kanisani. Basi wakamwachia kashamba kadogo kando ya maji, wakamsahau. Miaka ile ya kuingia Uhuru mvua ilikataa kukoma, ziwa likafura, likala kashamba kale na mtama wake, likala hata mahali tulipokuwa tunaanika omena. Tukahamia Migori, kwenye chumba cha udongo nyuma ya duka la Mwislamu mmoja aliyetoka pwani. Mama akawa anauza omena waliokwisha kupita mikono ya watu wengine. Siku nyingi chakula chetu kilikuwa uji, na uji wenyewe mwepesi.

Ile kazi ilianza bila kupangwa. Tulikuwa tunatoka sokoni na njaa, tukapita karibu na boma lenye matanga. Harufu ya nyama ilikuwa inatoka mpaka barabarani. Mama alikuwa na sauti. Alisimama kidogo, akanishika mkono, akaingia lango akilia. Tulikula mpaka tukashindwa. Tukirudi nyumbani, tulipovuka mto, akaniambia, "Umeona? Hakuna aliyeuliza."

Ni kweli, hakuna aliyeuliza. Kwetu mtu akiingia lango la matanga analia, haulizwi jina. Anakimbia hadi alipolala marehemu, anamwita kwa sifa zake, anaanguka. Watu wanamwinua, wanampa maji, baadaye chakula. Kumwuliza anayelia "wewe ni nani" ni aibu kuliko kuiba kuku. Mama aliishi juu ya aibu hiyo muda mrefu.

Mwanzo tulikuwa tunakula tu. Halafu mama akagundua jambo lingine. Kijana akifa bila mke, kwetu huo ni uchungu juu ya uchungu. Anazikwa kama mpita njia. Hana nyumba, hana wa kuketi kando ya kaburi lake. Mama wa kijana kama huyo, umletee msichana analia na kusema, huyu alikuwa aje kunioa, utamwona anamshika huyo msichana kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Atampa blanketi la marehemu. Atampa shati, sahani, kikapu cha mtama, kuku. Msichana mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa mchumba wa wanaume watano waliokufa, na hakuna hata mmoja niliyemwona akiwa hai.

Msifikiri kulia ni kufungua mdomo. Mama alinifunza. "Usianze juu," alikuwa ananiambia. "Ukianza juu utapanda wapi? Anza chini kama mtu anayekataa kulia, halafu wacha likushinde." Ili machozi yatoke nilikuwa nafikiria kale kashamba ketu kalikomezwa na maji. Yalikuja upesi. Baadaye ilibidi nimfikirie baba. Baadaye hata baba hakutosha, nikawa najifinya pajani.

Habari tulizipata sokoni. Mama anaketi na omena wake, anapima, anaongeza kidogo juu ya kipimo, na wanawake wanaongea wenyewe. Nani amekufa, alikuwa anafanya kazi wapi, amemwacha nani. Na kutoka kwetu kulikuwa hivi: kesho yake baada ya mazishi, au keshokutwa, naamka mapema, nachukua mtungi wa wenyewe na kwenda kisimani kama msichana mwenye adabu. Mama ananingoja huko na mizigo. Mtungi tunauacha umejaa kando ya njia, mahali utakapoonekana. Kuuchukua mama alikataa kabisa. Alisema sisi si wezi.

Upande wa Migori nyuso zetu zikaanza kujulikana. Siku moja mwanamke wa soko alimwambia mama mbele ya watu, "Wewe nyar Karungu, binti wa ziwani, mbona jamaa zako wanakufa kama kuku wa kideri?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akampimia omena wa bure. Jioni ile alifunga mizigo. Tukapanda basi, tukaenda upande wa Homa Bay ambako hatukuwa na uso.

Soko la Kosele ndipo tulipopata habari ya kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye majani chai huko Kericho. Homa ilikuwa imemuua, na lori lilikuwa limemrudisha kwao ndani ya sanduku. Hakuwa na mke. Mama yake, walisema, alikuwa anapiga kichwa ukutani. Mama yangu akaniangalia. Nikafunga leso.

Tuliingia lile boma mchana jua likiwa kali. Mama alikuwa ametembea na njaa tangu asubuhi, na sauti yake siku hiyo ilikuwa kama kitu kinachopasuka. Mimi nilianza chini, nikapanda. Wanawake wakatupokea. Lakini karibu na lango alisimama binamu wa marehemu ameegemea baiskeli, mtu wa wake wawili. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mchumba? Siku hizi kila anayekufa Kericho anaacha mchumba. Wamejaa barabarani."

Wanaume wakacheka chini chini.

Kazi yetu ilikuwa kwamba mtu akitudharau, tunalia zaidi. Mama angelia tu. Lakini lile neno "barabarani" lilimchoma, kwa sababu ndiko tulikokuwa tunaishi. Akajifuta uso na kusimama wima. "Mwanangu si wa barabarani," akasema. "Ayie ya kijana wenu niliipokea kwa mkono wangu huu."

Ayie, kwa nyinyi msiojua, ni kile anachopewa mama wa msichana ili akubali. Akishakipokea, msichana amekwenda, kumebaki ng'ombe na maneno. Vicheko vikazimika. Yule wa baiskeli akavua kofia. Baba mkubwa wa marehemu, mzee mwenye fimbo, akaja polepole mpaka mbele yetu.

"Basi huyu si mchumba," akasema. "Huyu ni mke wetu."

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama lango.

Walimzika alasiri. Mimi niliketishwa kando ya kaburi nimevaa shati la marehemu, limegeuzwa ndani nje, kama wajane wa huko walivyovaa. Mama alipewa kikapu cha mtama na akaambiwa aende akalete wajomba zangu kabla ya siku ya nne, siku ya kunyoa. Aliponiaga aliinama kama mtu anayenifariji. "Keshokutwa," akaninong'oneza. "Kisimani."

Keshokutwa yake niliamka, nikachukua mtungi. Sikufika hata langoni. Mwanamke mmoja wa boma alinirukia akaunyakua mtungi kutoka mkononi mwangu.

"We! Unataka kutumaliza? Mjane hajanyolewa anaenda kisimani? Maji yakikauka utatuletea mengine kutoka kwenu ziwani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote tuliyofanya ile kazi tuliijua adabu ya mchumba. Ya mjane hatukuijua, kwa sababu mama alikimbia yake kabla haijaanza, na mimi nilikuwa mtoto. Mjane haendi kisimani, hapiti shamba la mtu, haingii nyumba ya mtu. Nilikuwa nimekuwa chi liel, mke wa kaburi, ndivyo walivyoniita. Wembe ukigusa kichwa changu siku ya nne, jambo limekwisha. Muda wa matanga ukiisha nitarithiwa, na nikitoroka hakuna mwanamume popote atakayenioa, kwa sababu ataogopa chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka afe. Hata mimi niliiogopa. Naiogopa mpaka leo, na kanisani naenda.

Aliyekuwa amepangwa kunirithi nilimjua bila kuambiwa. Kila asubuhi alikuwa anapitisha baiskeli mbele ya nyumba niliyokaa. "Mke wetu, umeamkaje? Usiwaogope wale wangu wawili. Wanauma, lakini meno ni machache."

Nyumba niliyokaa ilikuwa ya mama wa marehemu. Mwanamke mwembamba, mikono mirefu. Huyo ndiye ninayemwandikia hii zaidi yenu, ingawa hatasoma. Alinipa maji ya moto ya kuoga. Alinipa mkeka mzuri, yeye akalala kwenye ule uliochakaa. Siku ya pili tulikuwa tunachambua maharagwe, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alipokuja kwenu Sori, mlimpikia nini?"

"Kamongo, mama," nikajibu upesi. Kamongo ni samaki mrefu wa matope, mnono, wanaume wa kwetu humpenda sana. "Alikula mpaka akalamba vidole."

Akaendelea kuchambua. Nilifikiri nimejibu vizuri.

Siku ya tatu, mchana, wengine wakiwa shambani, akaketi mbele yangu akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu hakula kamongo," akasema. "Tangu mtoto. Akimwona tu alikuwa anatoka nje anatapika. Alisema ni nyoka."

Nikafungua mdomo nijitetee.

"Nyamaza," akasema. "Usiniambie kitu. Sitaki kujua wewe ni nani. Niambie tena alivyolamba vidole."

Nilimwambia. Nisingeweza kukataa. Nilimwambia kwamba alicheka, kwamba alimsifu mama kwa mchuzi, kwamba alisema akijenga nyumba mlango utaelekea kwa mama yake. Alikuwa anafumba macho na kutikisa kichwa polepole. Nilipomaliza akasema, "Kesho watakunyoa, utakuwa mtoto wangu. Hapa kuna chakula. Huko kwenu kuna nini?"

Nawaambia ukweli, nilifikiria kubaki. Nilikuwa nimeshiba siku tatu mfululizo. Halafu nikasikia kengele ya baiskeli nje, na yule mtu akiimba.

Asubuhi ya siku ya nne waliniketisha uani, kwenye ngozi. Mjane mzee aliyepewa kazi ya kunyoa alikuwa na wembe ndani ya bakuli la maji. Mama wa marehemu aliketi ubavuni mwangu ameshika mkono wangu. Wazee walikuwa wanauliza wajomba wako wapi. Ndipo mama yangu akatokea langoni peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiingia lango la matanga bila kulia.

Alikuja mpaka katikati ya ua akapiga magoti. "Wazee, sikupokea ayie," akasema. "Sikupokea kitu. Mtoto huyu hakumjua kijana wenu, wala mimi sikumjua. Tulikuwa na njaa. Nirudishieni mtoto."

Halafu yule wa baiskeli akapiga makofi. "Mnaona? Amepata tajiri mwingine Homa Bay! Anataka kumwoza mara mbili."

"Ayie haitapikwi, mama," mzee mwenye fimbo akasema. "Kama unataka ng'ombe waongezwe, sema ng'ombe. Usimtukane marehemu."

"Sitaki ng'ombe!"

"Kila mtu anataka ng'ombe," mwanamke mmoja akasema, na watu wakacheka.

Mama akaanza kulia. Mimi niliyejua vilio vyake vyote, hicho sikukijua. Hakikuwa na wimbo ndani yake. Kilikuwa kama kikohozi. Watu walikitazama bila kuguswa. Alipowaimbia uongo walikuwa wamelia naye, na sasa walimwona kama mlevi sokoni. Mzee akampa ishara yule wa kunyoa. Wembe ukatoka majini.

Mimi nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema, mama anasema kweli. Sikusema. Niliogopa chira, niliogopa fimbo, na nilikuwa nimeshiba. Nilimgeukia tu yule mwanamke aliyeshika mkono wangu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kaburi, udongo wake ukiwa bado mwekundu. Maji ya wembe yalinidondokea shingoni.

"Mwanangu hakula kamongo," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Mzee akauliza, "Unasema nini, mama?"

"Huyu mtoto anasema alimpikia kamongo akalamba vidole. Nyinyi nyote mlimjua. Semeni kama mwanangu alikula kamongo."

Kijana mmoja, ndugu wa marehemu, alicheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akaziba mdomo. Mzee akamwashiria yule wa kunyoa. Wembe ukarudi bakulini.

"Hakuwa na mke," yule mama akasema. "Mwanangu amekufa bila mke. Mwacheni huyu aende."

Akauachia mkono wangu. Nikavua lile shati. Akalipokea, akaligeuza, upande wa nje ukarudi nje, akalikunja juu ya magoti polepole kama linatoka dukani. Mimi nilikuwa nangoja anitemee mate, na angekuwa na haki. Alinitazama mara moja.

"Ungekuja na njaa yako tu," akasema, "ningekulisha."

Walitutoa kwa madongo na matusi mpaka njia panda. Nilipigwa begani, kovu lipo, mliniuliza zamani nikawaambia niliangukia jembe. Tulitembea mpaka mtoni. Hapo mama akasimama.

"Kamongo?" akaniuliza. "Samaki wote wa ziwani, wewe ukachagua kamongo?"

"Na wewe?" nikamjibu. "Maneno yote duniani, wewe ukachagua ayie?"

Tukavuka, tukaendelea mpaka Homa Bay.

Sikulia matanga ya watu tena. Nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya chai, na mtu mmoja wa kupakia malori alikuwa anarudisha kikombe mwenyewe mpaka jikoni. Ndiye babu yenu. Nilimwambia habari hii kabla hajanioa, ili achague akijua. Mama aliendelea peke yake kidogo, akaacha, akarudi kwa omena. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumwomba. Alipokufa nilisimama kando ya kaburi lake nikajaribu. Nilianza chini kama alivyonifunza. Hakikuja kitu. Nilifikiria kashamba, nikamfikiria baba, nikajifinya. Wanawake wakasema, huyo binti ni jiwe. Kwa hiyo nyinyi si wa kwanza.

Kosele nimepita mara nyingi nikienda Oyugis. Sijashuka. Nilikuwa nasema nitashuka nimpelekee yule mama samaki, ngege wazuri, nikae naye nichambue maharagwe. Miaka ikapita, na najua sasa hayupo. Hilo ndilo linaloniamsha mapema, si babu yenu. Babu yenu alikufa akiijua habari hii yote, nami sina deni naye.

Asubuhi ile alipokata roho, kabla hatujatuma habari kwa mtu yeyote, niliwaita wake za wanangu wote jikoni. Yule Mkuria alikuwa analia, nikamwambia alie akikoroga. Halafu nikawaambia: "Sufuria kubwa ikae motoni mpaka mtu wa mwisho aondoke. Anayeingia lango hili, mnamjua au hammjui, analia au halii, mketisheni mumlishe ashibe. Na mtu asithubutu kumwuliza jina kabla hajanawa mikono mara ya pili."